Saa Ndani ya Hadubini

Mwaka 1926, mjini Berlin, kijana wa Argentina aitwaye Enrique Gaviola alipima jambo ambalo wanafizikia wa Ulaya walikuwa wakilikisia tu. Alitaka kujua rangi ya fluoresini, ikishapigwa na mwanga, hukaa na nishati hiyo kwa muda gani kabla ya kuitoa tena kama mng'ao wake wa kijani. Jibu alilopata lilikuwa kati ya nanosekunde 4 na 5. Nanosekunde moja ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Katika nanosekunde 4 mwanga wenyewe, ambao hakuna kinachoushinda mbio, husafiri mita 1.2 tu. Wakati huo hapakuwa na kompyuta wala leza, na elektroniki ilikuwa fani changa. Hata hivyo, namba ya Gaviola inakaribiana sana na ile inayopatikana leo katika maabara zenye vyombo vya mamilioni ya shilingi.

Kipimo hicho ni mzizi wa fani ambayo leo humwonyesha mwanabiolojia mahali penye mng'ao ndani ya seli, na zaidi ya hapo humweleza umri wa mng'ao huo, yaani muda ambao molekuli hukaa na nishati kabla ya kuitoa. Lakini kutoka kwa Gaviola hadi picha ya umri inayoaminika, iliyopigwa ndani ya kitu chenye unene, ilipita miongo mingi. Hadubini ilikuwa na kasoro kongwe kuliko Gaviola: haikuweza kutenganisha kilicho juu na kilicho chini. Kazi mbili zilifanywa na watu ambao wengi wao hawakufahamiana. Hawa walishughulika na muda, wale na kina, mpaka ilipodhihirika kwamba ndani ya tishu nene kipimo cha muda hakiaminiki mpaka kina kitenganishwe.

Mng'ao wenyewe ulijulikana kitambo. Mwaka 1565 tabibu wa Sevilla, Nicolás Monardes, aliandika juu ya mti wa dawa ulioletwa kutoka Mexico, ambao vipande vyake vikilowekwa huyapa maji rangi ya buluu. Mwaka 1845 John Herschel, Mwingereza aliyesifika kwa elimu ya nyota, aliona buluu ya namna hiyo kwenye mmumunyo wa kwinini, dawa ile ile chungu ambayo watu wa Afrika Mashariki wameimeza kizazi baada ya kizazi kutibu malaria. Mmumunyo ulikuwa mwangavu kama maji, lakini ukiwekwa juani uso wake ulitoa buluu ya kupendeza. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes wa Cambridge alieleza sababu: kwinini hupokea mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa jicho, kisha huitoa kama mwanga wa buluu wenye mawimbi marefu zaidi. Tabia hiyo aliiita fluoresensi, kwa jina la madini ya fluoraiti ambayo nayo hung'aa hivyo.

Stokes hakuwa na njia ya kujua mageuzi hayo huchukua muda gani. Kwa jicho, buluu ilizimika papo hapo jua lilipozibwa. Aliyetengeneza chombo cha kulichunguza swali hilo kwa makini ni Edmond Becquerel wa Paris, baba wa Henri Becquerel aliyegundua unururifu. Chombo chake cha mwaka 1858, fosforoskopu, kilikuwa na sahani mbili zenye matundu yasiyoelekeana, zikizunguka pamoja huku sampuli ikiwa katikati. Tundu la upande wa taa lilipopitisha mwanga, upande wa mtazamaji ulikuwa umezibwa. Upande wake ulipofunguka, taa ilikuwa imekwisha kuzibwa. Hivyo aliona tu mng'ao uliosalia. Kwa kuongeza kasi ya mzunguko, Becquerel alifikia takriban sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Madini mengi yaliyochelewa kuzimika yalinaswa. Kwinini haikunaswa, kwa kuwa ilizimika mapema mno.

Mmarekani Robert Wood alijaribu njia nyingine mwaka 1921. Alirusha mchirizi wa kimiminika king'aacho kwa kasi kubwa kupitia mwanga uliokusanywa mahali padogo, akitazama kama mng'ao utaonekana umesogea mbele. Haukuonekana kusogea, na hesabu inaonyesha sababu: hata kimiminika kikikimbia mita 200 kwa sekunde, katika nanosekunde 4 kitakuwa kimesogea chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita.

Gaviola, aliyezaliwa mwaka 1900 katika jimbo la Mendoza, aliachana na wazo la kuzima mwanga na kungoja. Aliufanya mwanga upande na kushuka mamilioni ya mara kwa sekunde, akitumia vifaa vya Kerr, yaani vyombo vya nitrobenzini ambavyo hufungua na kuziba njia ya mwanga kadiri umeme unavyobadilika. Kama rangi ingeurudisha mwanga bila kukawia, mng'ao wake ungepanda na kushuka sambamba na mwanga ulioichochea. Ikikawia, mawimbi ya mng'ao hubaki nyuma kidogo, na kule kubaki nyuma ndiko kunakotoa umri. Gaviola baadaye alirudi kwao, akaongoza kituo cha kuchunguza nyota cha Córdoba, na mwaka 1944 akawa mmoja wa waasisi wa chama cha wanafizikia wa Argentina. Njia yake ya kupima kuchelewa kwa wimbi bado inatumika.

Gaviola alipofanya kipimo chake mjini Berlin, hadubini za fluoresensi zilikuwa zimekwisha kuzaliwa. Mwaka 1904 August Köhler wa kampuni ya Carl Zeiss, mjini Jena, alijenga hadubini ya urujuanimno ili aone vitu vidogo zaidi, akakuta baadhi ya sampuli zinang'aa zenyewe. Kati ya 1911 na 1913 watengenezaji wa Vienna na Jena walikuwa na hadubini zilizokusudiwa kuutazama mng'ao huo. Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake wa Harvard waliunganisha rangi ng'aavu na kingamwili, na tangu hapo iliwezekana kuchagua molekuli moja ndani ya tishu na kuitia alama ya mwanga. Tawi moja la elimu hii limefika hadi kwenye zahanati. Rangi ya auramini hushikamana na bakteria wa kifua kikuu na kuwafanya wang'ae kwenye makohozi, na tangu Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza hadubini za taa za LED mwaka 2011, wapimaji wa Tanzania, Kenya na kwingineko wamekuwa wakiwatafuta bakteria hao kwa ukuzaji mdogo, wakikagua eneo kubwa kwa muda mfupi kuliko kwa njia ya zamani.

Kwa kazi ya namna hiyo, kujua kama kuna mng'ao au hakuna kunatosha. Kwa maswali mengine ya biolojia hakutoshi. Mwangaza wa sehemu fulani ya picha unaweza kupungua kwa sababu rangi ni chache, au taa imefifia, au rangi imechakaa kwa kumulikwa mno, au tishu iliyo juu imeumeza mwanga. Mtazamaji hawezi kujua ni ipi. Umri wa mng'ao hautegemei wingi wa rangi wala nguvu ya taa. Unategemea hali ya molekuli pale ilipo: oksijeni iliyo jirani, uchachu, madini ya kalsiamu, unato wa majimaji, na ukaribu wa molekuli nyingine inayoweza kuipora nishati. Uporaji huo ulielezwa kwa hesabu na Mjerumani Theodor Förster mwaka 1946 na 1948. Hutokea tu molekuli mbili zikiwa karibu mno, kwa kawaida chini ya nanomita 10, na ukitokea umri wa mng'ao wa molekuli inayotoa nishati hupungua. Kwa hiyo anayeweza kupima umri anaweza kujua kama protini mbili zimeshikana ndani ya seli hai.

Mwargentina mwingine ndiye aliyeileta elimu hii kwa wanabiolojia. Gregorio Weber, mzaliwa wa Buenos Aires, alipata shahada ya udaktari Cambridge mwaka 1947, na kuanzia 1962 akafundisha katika Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1969, pamoja na Richard Spencer, alichapisha kipimo cha umri kilichoendeleza wazo la Gaviola kwa elektroniki za kisasa. Wawili kati ya waliopitia mikononi mwake, Joseph Lakowicz na Enrico Gratton, watatokea tena katika habari hizi.

Njia ya pili ya kupima umri ilitoka kwa wanafizikia wa nyuklia. Mwaka 1961 Lowell Bollinger na George Thomas walichunguza mng'ao wa vitu vinavyomulika vikipigwa na mionzi kwa kuhesabu fotoni moja moja. Utaratibu wake ni wa subira. Mwali mfupi unapigwa na saa inaanza. Fotoni ya kwanza ikifika saa inasimama, na muda unaandikwa. Jambo hilo hurudiwa mamilioni ya mara hadi ipatikane chati inayoonyesha fotoni nyingi zilifika lini na chache zilichelewa kiasi gani. Kuna sharti moja gumu. Mwanga lazima uwe hafifu kiasi kwamba miali mingi haileti fotoni hata moja, la sivyo zinazowahi huzifunika zinazochelewa na umri huonekana mfupi kuliko ulivyo. Ni njia sahihi mno, lakini ya polepole.

Upande wa kina ulikuwa na watu wake.

Kila aliyewahi kutazama tishu nene kwa hadubini ya kawaida anajua ukungu wake. Lenzi hulenga tabaka moja jembamba, lakini mwanga wa matabaka ya juu na ya chini nao huingia, ukiwa umetawanyika. Suluhisho la zamani lilikuwa kisu: tishu iliuawa, ikagandishwa kwenye nta na kukatwa vipande vyembamba. Kilichopatikana kilikuwa safi, lakini uhai ulikuwa umekwisha.

Mwaka 1955 Marvin Minsky, mtafiti kijana wa Harvard, alitaka kuona jinsi seli za neva za ubongo zilivyounganika, na ukungu huo ukamzuia. Wazo lake lilikuwa kumulika nukta moja tu ya sampuli kwa wakati mmoja, kisha kuweka kitundu mbele ya kihisi ili mwanga wa nukta hiyo upite na ule wa matabaka mengine ukwame. Ili kupata picha nzima aliisogeza sampuli yenyewe nukta baada ya nukta, na picha ikachorwa kwenye kioo cha rada ya zamani. Aliomba hataza mwaka 1957 na kuipata mwaka 1961, kisha akaelekea kwenye akili unde, fani aliyojulikana nayo hadi kifo chake mwaka 2016. Muda wa hataza yake ulimalizika kabla hadubini za namna hiyo hazijaingia sokoni.

Mbali na hapo, mjini Plzeň katika Czechoslovakia ya wakati huo, Mojmír Petráň na Milan Hadravský walifikia jibu linalofanana kwa njia nyingine. Walichukua sahani yenye matundu mengi iliyobuniwa na Paul Nipkow mwaka 1884 kwa ajili ya kurusha picha, wakaizungusha ndani ya hadubini ili nukta nyingi zimulikwe na kutazamwa kwa pamoja. Mwaka 1967 Petráň na David Egger wa Yale walionyesha kwa chombo hicho seli za neva ambazo hazikutiwa rangi yoyote. Waliyoyafanya yalieleweka kwa wachache tu.

Kilichowashawishi wengi ni leza. Mwaka 1987, katika maabara ya biolojia ya molekuli ya Cambridge, John White, Brad Amos na Mick Fordham walichapisha picha zilizowekwa sambamba: upande mmoja hadubini ya kawaida, upande wa pili hadubini yao ya leza na kitundu. White alikuwa akichunguza jinsi seli zinavyogawanyika katika viinitete, ambavyo ni mviringo na vinene. Penye ukungu mweupe wa picha ya kwanza, picha ya pili ilionyesha nyuzi za ndani ya seli moja moja. Kampuni ya Bio-Rad ilianza kuuza chombo hicho mwaka huo huo, na baada ya miaka michache kikawa kitu cha kawaida katika maabara za Ulaya na Marekani.

Miaka mitatu baadaye, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Winfried Denk, James Strickler na Watt Webb waliondoa hata ulazima wa kitundu. Walitumia kanuni iliyotabiriwa na Maria Göppert-Mayer huko Göttingen mwaka 1931: molekuli inaweza kumeza fotoni mbili dhaifu kwa mpigo mmoja, zikafanya kazi ya fotoni moja yenye nguvu. Tukio hilo ni adimu mno, hivyo hutokea tu pale miali ya leza inapokusanyika kwenye kitovu. Juu na chini ya kitovu hakuna kinachong'aa. Mwanga wa infraredi unaotumika hupenya tishu kwa kina zaidi, na leza zilizofaa kazi hii hutoa miali mifupi mno, kwa kawaida mara milioni 80 kwa sekunde. Kati ya mwali na mwali huwa na nanosekunde 12.5, nafasi inayotosha mng'ao wa nanosekunde 2 au 4 kuzimika. Leza iliyokata tabaka ikawa pia inatoa ishara ya kuanzisha saa.

Hapo njia mbili zilikuwa zimekaribiana. Mwaka 1989 Wajerumani watatu, Bugiel, König na Wabnitz, waliunganisha hadubini ya leza na kuhesabu fotoni moja moja. Mwaka 1992 Lakowicz na wenzake wa Baltimore walitoa picha za umri kwa kamera, wakaonyesha kwamba molekuli ya NADH, inayobeba nishati katika seli zote, ina umri mfupi wa karibu nanosekunde 0.4 ikiwa huru, na mrefu zaidi ikishikamana na protini. Mwaka huo huo watafiti wa Utrecht nao walipata picha za umri kwa hadubini yenye kitundu. Makundi haya yalijikuta kwenye njia panda. Kuskani nukta kwa nukta kulikata tabaka safi lakini kulikula muda: picha ya nukta 256 kwa 256 ina nukta 65,536, na kila moja ikihitaji fotoni 300, jumla inakaribia milioni 20. Kwa mwendo wa fotoni milioni moja kwa sekunde, hizo ni sekunde 20 kwa picha moja. Kamera ilizinasa nukta zote kwa pamoja, lakini ilinasa pia ukungu wa matabaka yote.

Ukungu huo uliharibu zaidi ya sura. Katika picha ya kawaida, mwanga wa tabaka jingine hupunguza tu ukali wa mistari, na jicho lililozoea huweza kuuvumilia. Katika picha ya umri hubadilisha jibu lenyewe. Ukiwa na chumba chenye bibi wa miaka 70 na mjukuu wa miaka 6, ukaambiwa wastani wa umri wao ni miaka 38, umepewa namba isiyo ya yeyote. Ndivyo ilivyokuwa kwa seli iliyolala juu ya nyingine: molekuli zenye nanosekunde 0.4 juu na zenye nanosekunde 2 chini zilitoa umri wa kati, na mtafiti angeweza kuamini kwamba ameona hali ya tatu ya kibiolojia ambayo haipo. Sifa kuu ya umri, kwamba haudanganywi na wingi wa rangi, ilipotea hapo, kwa sababu tabaka lenye rangi nyingi liliuvuta wastani upande wake.

Ufumbuzi kwa upande wa kamera ulitoka Oxford. Mwaka 1997 Mark Neil, Rimas Juškaitis na Tony Wilson walionyesha kwamba hadubini ya kawaida inaweza kukata tabaka bila kitundu wala leza ya kuskani. Waliweka wavu wa mistari kwenye njia ya taa ili kivuli chake kianguke juu ya sampuli. Mistari hiyo huwa dhahiri kwenye tabaka lililolengwa tu; juu na chini yake hufifia. Walipiga picha tatu, kila mara wakisogeza wavu kwa theluthi moja ya nafasi kati ya mstari na mstari. Mwanga wa matabaka mengine ulikuwa sawa katika picha zote tatu, hivyo tofauti kati ya picha ilipokokotolewa ulitoweka, na mistari yenyewe ikafutika. Lililosalia ni tabaka moja.

Wakati huo katika Imperial College London, kundi la Paul French lilikuwa na kamera yenye kikuza mwanga kinachofunguka na kufunga kwa sehemu ndogo ya nanosekunde. Kamera hiyo hupiga picha mara tu baada ya mwali wa leza, kisha nyingine ikikawia kidogo, na nyingine ikikawia zaidi, hadi kuzimika kwa mng'ao kufuatwe katika nukta zote kwa pamoja. Mwaka 2000 wataalamu wa London na wa Oxford walichapisha pamoja matokeo ya kuunganisha vyombo vyao: kwa kila kituo cha muda picha tatu za wavu, tabaka likokotolewe, kisha umri upimwe ndani ya tabaka hilo pekee. Makala nyingine zilifuata mwaka 2001 na 2002 zikieleza chombo kizima. Kwa mara ya kwanza kamera iliyoona uwanja mzima kwa pamoja ilitoa ramani ya umri isiyochanganya matabaka.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama, na wenyewe walizijua. Hesabu ya kutoa huondoa mwanga wa ukungu, lakini haiondoi kuyumbayumba kwa idadi ya fotoni kulikoletwa na mwanga huo. Tishu ikiwa nene mno, tofauti kati ya picha tatu huwa ndogo, na kelele huifunika. Umri nao una deni lake la fotoni. Kwa mng'ao wenye umri mmoja, fotoni 100 hutoa, kwa hali bora kabisa, usahihi wa asilimia 10. Kufikia asilimia 5 zinahitajika 400. Nukta moja ikiwa na umri wa aina mbili, mahitaji huongezeka mara nyingi zaidi. Kuongeza taa si jibu rahisi, maana mwanga mwingi huichakaza rangi na kuiumiza seli inayochunguzwa. Ndiyo maana kila njia ya kukata tabaka iliyofuata imepimwa kwa swali moja la kiuchumi: inatupa fotoni ngapi?

Sahani ya Petráň ilirudi kwa swali hilo. Kampuni ya Yokogawa ya Japani ilikuwa imeiongezea lenzi ndogondogo zinazoelekeza mwanga kwenye matundu ili usipotee kwa wingi, na katikati ya miaka ya 2000 makundi ya London na Amsterdam yaliiunganisha na kamera za kupima umri. Sahani huzuia ukungu kabla haujafika kwenye kamera, hivyo kelele yake haifiki pia. Kwa njia hiyo ishara zinazobadilika ndani ya seli hai ziliweza kufuatwa wakati zikitokea.

Jibu jingine lilitoka kwenye wazo la mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1903 Henry Siedentopf na Richard Zsigmondy walimulika kioo chekundu kutoka ubavuni kwa utepe mwembamba wa mwanga ili waone chembe za dhahabu zilizokuwa ndani yake. Mwaka 2004 Jan Huisken, Ernst Stelzer na wenzao wa Heidelberg walilihuisha wazo hilo kwa viinitete vya samaki: pazia jembamba la leza huingia kutoka ubavuni, na tabaka linalotazamwa ndilo peke yake linalomulikwa. Hakuna fotoni inayotupwa kwa kitundu, wala tabaka jingine linalochakazwa bure. Mwaka 2011 watafiti wa Heidelberg waliongeza kipimo cha umri kwenye hadubini hiyo, na picha zao zikawa na kelele kidogo kuliko za hadubini ya kawaida.

Kusoma matokeo nako kulibadilika. Gratton, aliyekuwa amehamia Irvine, California, pamoja na Michelle Digman na wenzao walichapisha mwaka 2008 njia ya kuichora kila nukta ya picha kama nukta kwenye nusu duara. Mng'ao wenye umri mmoja huangukia kwenye ukingo wa duara hilo; mchanganyiko huangukia ndani, kwenye mstari unaounganisha umri mmoja na mwingine. Mtafiti huona mchanganyiko kwa jicho, bila kukisia mapema kwamba kuna umri wa aina ngapi. Hesabu yake ni ile ile ya kubaki nyuma kwa wimbi ambayo Weber aliifundisha.

Vyombo hivi sasa viko kazini kwenye tishu za viumbe hai. Mwaka 2007 Melissa Skala, Nirmala Ramanujam na wenzao walitumia leza ya fotoni mbili kupima umri wa mng'ao wa NADH katika utando wa shavu la panya aina ya hamster, tabaka baada ya tabaka, wakaona tofauti kati ya tishu nzima na ile iliyoanza kuelekea kwenye saratani. Hawakutia rangi yoyote. Huko Jena, Karsten König, yule wa mwaka 1989, alianzisha kampuni inayotengeneza vifaa vya kuichunguza ngozi ya binadamu kwa njia hiyo hiyo bila kuikata.

Mwaka 2021 kundi la Skala, likiwa sasa Wisconsin, lilionyesha kwamba seli T za kinga zilizoamshwa hutofautiana na zilizotulia kwa mng'ao wao wa asili pekee. Jambo hilo lina thamani kubwa kwa wanaotengeneza tiba za saratani kutokana na seli za mgonjwa, kwa kuwa seli zinaweza kukaguliwa na kubaki salama. Lakini seli hizo zilikuwa zimetolewa kwenye damu na kutandazwa kwenye sahani, ambapo matabaka hayasumbui sana. Kuzikagua zikiwa ndani ya uvimbe, zimebanwa na seli za saratani juu na chini, kunahitaji tabaka jembamba, fotoni za kutosha na kasi, vyote kwa pamoja. Vihisi vipya vya silikoni, ambavyo kila nukta yake inaweza kunasa fotoni moja na kuandika saa ya kufika kwake, vinaanza kuunganishwa na pazia la leza na sahani izungukayo kwa ajili ya kazi hiyo.